Siku moja Saint-Guilhem-le-Désert: namna ya kukitembelea kijiji cha korongoni ukakifaidi kweli

Wapo watu wanafika Saint-Guilhem saa saba mchana, mwezi wa saba, jua la utosini, wanazunguka dakika arobaini wakiwa wamelowa jasho, wanapiga picha tatu za kanisa, wanakula aiskrimu halafu hao wanarudi Montpellier wakisema ni pazuri ila watu wamejaa mno. Nawaelewa kabisa kwa sababu mara ya kwanza na mimi nilikwenda hivyohivyo na sikuona kitu. Tangu hapo nimesharudi mara nyingi, masika kwao, kiangazi, hata mwezi wa kumi na mbili baridi ikiuma, na ninachotaka kukwambia ni kimoja: kile kijiji kipo ndani ya korongo, na korongo ndilo linalopanga siku. Kivuli kina saa zake, maji yana saa zake, na ukizifuata hizo saa utapata siku nzuri mno hata kama umekwenda wakati wa msimu wa watalii.

Tuanze na kilipo. Ni kusini mwa Ufaransa, mkoa wa Hérault, kama kilomita 40 hivi kutoka Montpellier. Mto nao unaitwa Hérault, unatoka juu kwenye mlima Aigoual, unakata majabali ya chokaa, na karibu na mwisho wa makorongo yake kuna kijito kidogo kinaitwa Verdus kinaingia kutoka pembeni. Kijiji kimebanwa humo kwenye bonde la kijito, nyumba za mawe zimefuata maji kama shanga kwenye uzi, genge huku genge huku. Wanaoishi pale mwaka mzima ni kama watu mia mbili na hamsini tu. Hilo neno Désert lisikutishe, hakuna mchanga wala ngamia, maana yake ya zamani ni mahali pa upweke, mbali na watu. Mwaka 804 Guilhem, binamu yake mfalme Charlemagne, aliyekuwa jemadari wa vita na alikuwemo Barcelona ilipotekwa mwaka 801, alianzisha monasteri hapa kisha akaingia humo mwenyewe kuwa mtawa hadi kufa. Ukikisoma kijiji kwa jicho hilo, la mtu aliyechoka vita akatafuta mahali ambapo barabara inaishia, kila kitu utakachokiona kinakaa mahali pake.

Kwenda. Kama una gari, toka Montpellier shika barabara kuu ya A750 ambayo hailipiwi, iache pale Gignac, pita Aniane, fuata vibao vya Pont du Diable (Daraja la Shetani), na kuanzia pale ni barabara ya D4 inayopanda na mto hadi kijijini. Ile D4 ni nyembamba na ina kona, upande mmoja jabali upande mwingine mto, na waendesha baiskeli ni wengi, kwa hiyo anayeendesha aendeshe na wa pembeni ndio aangalie mandhari. Usisimame ovyo kupiga picha. Kama huna gari, panda tramu ya laini 1 hadi kituo cha mwisho Mosson, kisha pale unachukua mabasi ya mkoa, mtandao wao unaitwa liO, kuelekea upande wa Gignac na Aniane. Mabasi yanayofika hadi kijijini kwenyewe ni machache, na ratiba zinabadilika kati ya siku za shule, likizo na Jumapili, hivyo ushauri wangu ni huu: kabla hujaangalia basi la kwenda angalia la mwisho la kurudi, liandike kwenye karatasi, kwa sababu ndani ya korongo mtandao unakatakata na ratiba uliyoitegemea kwenye simu inaweza isifunguke pale unapoihitaji. Halafu kumbuka ratiba zao ni za saa ishirini na nne, 14:00 ni saa nane yetu mchana, 19:00 ni saa moja jioni. Mimi hapa natumia saa za Kiswahili. Najua inaonekana jambo dogo lakini mtu akichanganya hapo analala njiani.

Kuhusu paking, msimu ukichanganya kijiji hakina nafasi. Paking za karibu zinajaa mapema na ni za kulipia. Kinachofaa ni kuacha gari kule chini Pont du Diable, kuna eneo kubwa la maegesho, na wakati wa msimu kuna basi dogo la bure linalokwenda na kurudi kijijini. Angalia tu siku hizo linatembea saa ngapi na la mwisho ni lini. Na usiache begi linaloonekana ndani ya gari, sehemu zote za watalii ndivyo zilivyo.

Kufika: lenga saa mbili asubuhi uwe umeshashuka. Mimi napenda kupita kwanza pale darajani dakika kumi na tano tu kabla ya kupanda. Hilo Daraja la Shetani lilijengwa karne ya 11 kwa makubaliano ya monasteri mbili, ile ya Aniane na hii ya Guilhem, ni moja ya madaraja ya zamani sana ya aina yake Ufaransa nzima na mwaka 1998 liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na abasia, yaani ile monasteri ya Guilhem, kama sehemu ya njia za mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela huko Hispania. Hadithi ya wenyeji inasema kila walichojenga mchana shetani alikibomoa usiku, mpaka Guilhem akaafikiana naye kwamba wa kwanza kuvuka atakuwa wake, kisha akamtanguliza mnyama, wengine wanasema paka wengine mbwa, na shetani kwa hasira akajitupa mtoni pale maji yanapokuwa meusi. Asubuhi pale hakuna mtu. Magari hayaruhusiwi juu yake, simama katikati uangalie upande wa juu, unaona korongo linavyofungua mdomo na maji ya kijani yanatoka taratibu. Hiyo ndiyo picha yako ya kwanza ya siku.

Sasa ukishafika kijijini usiingie kanisani kwanza. Najua linakuvuta. Panda mlima kwanza, kwa sababu asubuhi bado kuna kivuli na baada ya saa tano jua linapiga majabali meupe na joto linarudi kwako mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye mawe, mwezi wa saba na wa nane digrii 35 si ajabu pale.

Pita kijiji chote kwa barabara inayoitwa rue du Bout-du-Monde, yaani barabara ya mwisho wa dunia, na jina linastahili. Vichochoro vinabana, unasikia Verdus ikipita pembeni, nyumba zinaisha, na mara unajikuta kwenye njia ya mawe inayoelekea cirque de l'Infernet, ukuta wa majabali uliopinda kama bakuli lililokatwa nusu. Kwa anayetaka matembezi mafupi na watoto, nenda mwendo wa nusu saa, kaa, rudi. Kwa mwenye miguu na pumzi, endelea na njia ya Fenestrettes, na hapa ndipo pananichukua moyo. Ni njia ya zamani imepandishwa ukutani mwa genge kwa kona za kurudirudi, na chini yake wamejenga matao ya mawe kuishikilia isiporomoke, hayo matao ndiyo yameipa jina, kama vidirisha. Ukitazama kutoka chini huamini kama pale juu panapita binadamu. Ukiwa juu yake gusa ule ukuta, mawe yamepangwa moja juu ya jingine kwa mkono, na njia bado inabeba watu hadi leo. Juu kuna msitu wa misonobari ya Salzmann, aina adimu ambayo imebaki sehemu chache tu, na harufu yake jua likianza kupasha moto ni tamu ajabu.

Mzunguko mzima uhesabu saa tatu hadi nne ukiwemo muda wa kupumua. Alama za njia ndefu ni mstari mweupe na mwekundu, za mizunguko mifupi ni njano, ukiona alama imechorwa kama X maana yake huko siko, rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona. Vaa raba zenye soli inayoshika. Nasisitiza hili kwa sababu mara moja nilikwenda na dada yangu akiwa amevaa ndala, nikamwambia dada hizo hazitafika, akasema twende tu polepole, kamba ikakatika katikati ya mteremko wa changarawe na tulishuka kwa saa nzima kile kipande cha dakika ishirini, yeye ameshika bega langu, mguu mmoja peku kwenye mawe ya moto. Tulifika salama lakini siku yake iliishia hapo. Maji beba lita moja na nusu kila mtu, kiangazi beba mbili. Kofia, losheni ya jua, na simu iwe na chaji, namba ya dharura ni 112. Kiangazi pia kuna hatari ya moto wa msitu, hakuna kuvuta sigara wala kuwasha chochote huko juu, na siku za upepo mkali wenye mamlaka wanaweza kufunga njia. Wakifunga usipite pembeni ya kibao.

Utakuwa umeshuka kwenye saa sita au saa saba, kijiji kimejaa, jua kali. Sasa ndiyo saa ya chakula, na hapa sikiliza: mikahawa mingi Ufaransa inaacha kupika cha mchana karibu saa nane, ukifika saa nane na nusu utapewa kahawa tu. Ama ubebe chako. Mimi siku hizi nabeba, mkate, zeituni, jibini ya mbuzi ya pélardon ambayo ni ya milima ya hukohuko, nyanya, basi. Unakaa uwanjani, place de la Liberté, chini ya ule mti mkubwa wa platani. Una umri wa zaidi ya miaka 150 na shina lake hata watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki, kivuli chake kinafunika karibu uwanja mzima. Pembeni kuna chemchemi, jaza chupa yako, ila popote Ufaransa ukiona maandishi eau non potable hayo si ya kunywa.

Ukimaliza kula, ingia abasia. Watu wanalichukulia kanisa kama kitu cha kwanza kwenye orodha, mimi nalichukulia kama kimbilio la mchana, kuta zake nene zina ubaridi wake. Kanisa ni la karne ya 11, halina mapambo mengi, mwanga unaingia kidogo tu kwenye madirisha membamba na macho yanahitaji dakika mbili tatu kuzoea, kwa hiyo usitoke haraka. Kaa kwenye benchi. Kuna kinanda kikubwa cha mabomba cha mwaka 1789, mwaka uleule Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, na ndani ya kanisa wanahifadhi kipande kinachoaminiwa kuwa cha msalaba wa Yesu, zawadi ya Charlemagne kwa Guilhem, ndicho kilichowavuta mahujaji karne na karne. Masista Wakarmeli wanaishi pale, ni nyumba ya sala hai, ukikuta wanasali ama ukae kimya ama usubiri nje. Mabega na magoti yafunikwe kidogo, beba kanga au shali begani, ukitoka mtoni na chupi ya kuogelea usiingie hivyo.

Kisha toka upande wa ua la ndani la watawa, lile lenye matao. Utaona linaonekana limepungua, sehemu nyingine kama vile limevunjwa. Ni kweli limepungua. Baada ya Mapinduzi watawa waliondolewa, majengo yakauzwa, mawe yakaanza kuchukuliwa kama machimboni. Baadhi ya nguzo zilizochongwa vizuri kabisa zikaishia kwenye bustani ya mtu huko Aniane, zinashikilia mzabibu. Mwaka 1906 hivi mchongaji mmoja wa Marekani, George Grey Barnard, akazinunua akazipeleka kwao, na leo zipo New York kwenye makumbusho ya The Cloisters yaliyofunguliwa 1938. Mimi nilipolijua hili nilirudi tena kwenye lile ua, nikasimama pale nguzo zilipokuwa, na nikaelewa kwa nini wenyeji wakisimulia sauti inashuka. Kwenye makumbusho madogo ya abasia kuna vipande vilivyobaki, vya kulipia, lakini lipa uingie. Angalia majani yaliyochongwa kwenye vichwa vya nguzo kwa karibu, sogea kabisa. Kuna fundi hapo aliyekaa na patasi yake siku nzima kwa ajili ya jani moja.

Mchana wa saa tisa hadi saa kumi na moja ni wa maji. Hapa una njia tatu, chagua moja usitake zote.

Ya kwanza ni kuogelea. Ufukwe wa kokoto chini ya Daraja la Shetani unajulikana, kiangazi unajaa familia, maji ni safi na yana ubaridi unaoshtua kidogo halafu unazoea. Viatu vya maji vinasaidia sana kwa sababu kokoto zinateleza. Vijana wanatamani kuruka kutoka darajani, ni marufuku na ni hatari kweli, kina kinabadilika na mawe yapo chini. Usimfuate mtu.

Ya pili ni kayaki. Kwenye D4 kuna wanaokodisha, kuna safari fupi na ndefu, wanakupa laifu jaketi na pipa dogo la kuzuia vitu visilowe. Sheria ya Ufaransa inataka uwe unajua kuogelea angalau mita 25 na huogopi kuzama kichwa majini, watakuuliza, na ukweli wako ndio usalama wako. Korongo ukiliona kutoka katikati ya mto ni jambo jingine kabisa, majabali yanakuzunguka, sauti ya magari inapotea, unasikia kasia tu.

Ya tatu ni kwa siku ya mvua au kwa wasiopenda maji: pango la Clamouse, liko hapohapo njiani kati ya daraja na kijiji, liligunduliwa 1945 na likafunguliwa kwa wageni 1964. Unaingia na kiongozi, ndani kuna fuwele nyeupe nyembamba kama nywele zilizoganda. Beba sweta hata kama nje ni kiangazi.

Ila kuna jambo la kuangalia sana kabla ya kugusa maji, hasa kuanzia mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Mvua za milima ya Cévennes zinakuja kwa kishindo, zinaweza kushuka za miezi mizima ndani ya siku moja, na mto unapanda kwa saa chache hata kama pale ulipo jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha huko juu. Asubuhi fungua ramani ya Météo-France, idara yao ya hali ya hewa, ina rangi nne, kijani, njano, chungwa na nyekundu. Mkoa wa Hérault ukiwa njano kwa mvua au mafuriko mimi naachana na mto, nabaki kijijini. Ukiwa chungwa naahirisha safari. Na popote ukiwa mtoni ukaona maji yamegeuka rangi au yanabeba vijiti na majani mengi, toka saa hiyohiyo, mizigo baadaye.

Saa kumi na moja jioni rudi kijijini mara ya pili. Tafadhali usiruke hii. Mabasi ya watalii yameshaondoka, jua linaanza kwenda nyuma ya genge ingawa angani bado kweupe, mawe yanatoa joto yalilohifadhi mchana, paka wanatoka. Sasa ndiyo unaviona vitu. Milango hasa. Kwenye milango mingi utakuta kumepigiliwa ua moja kubwa lililokauka, bapa, la rangi ya dhahabu, kama jua lenye miiba. Wanaliita cardabelle, ni aina ya mbigili ya milimani. Nilimuuliza mama mmoja mwenye duka la vyungu, nilianza na bonjour kwanza maana pale ukiingia dukani bila salamu unaonekana huna adabu kabisa, akanishika mkono akanipeleka mlangoni kwake. "Angalia, mwanangu, leo limefunguka, kesho hakuna mvua." Ua hata likiwa limekufa miaka linajifunga hewa ikiwa na unyevu na linafunguka ikikauka, ndiyo kipimo chao cha hali ya hewa toka zamani, na wazee waliamini pia linalinda nyumba. Nililigusa kwa ncha ya kidole, majani yake ya katikati ni magumu yanakwaruza kama karatasi ya msasa. Ukiliona mlimani usilichume, yamepungua na yanalindwa.

Kwa miezi, kama unaweza kuchagua, nenda mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, au siku tulivu za mwezi wa tisa, siku ya katikati ya wiki. Mwezi wa nane nenda ikibidi tu. Baridi kali pia ni nzuri kwa upekee wake, ila maduka na mikahawa mingi inafungwa na jua linaingia bondeni saa chache tu, beba chakula chako na jaketi nene.

Hela taslimu beba kidogo za sarafu za euro, kwa mashine za paking na sadaka ya kanisa. Kadi inakubalika sehemu nyingi lakini mtandao ukikata na mashine za kadi nazo zinasumbua.

Kabla ya kushuka kwenda kupanda basi la mwisho, nenda nyuma ya kanisa, upande wa nje ambako ukuta wake umepinda nusu duara na una safu ya vidirisha vya matao juu karibu na paa. Simama hatua kama ishirini nyuma ili upate kanisa, paa za vigae, na juu kabisa kwenye mwamba lile gofu wanaloliita Ngome ya Jitu, yote kwenye fremu moja. Mwanga wa mwisho unashika gofu peke yake wakati kijiji chote kiko kivulini, unadumu kama dakika kumi hivi, kwa hiyo kuwa pale mapema na begi lako likiwa limeshafungwa, maana kutoka hapo hadi kituoni ni kushuka kijiji kizima kwa miguu.